Sura ya Tano: Saa ya Kula na Uzito wa Mwili

Miongoni mwa mashauri apewayo mtu atakaye kupunguza mwili, hapana linalotolewa kwa wepesi na kupokewa kwa imani kuliko shauri la saa: usile baada ya jua kuchwa, usilale na chakula tumboni, usiiache staftahi hata siku moja, au kinyume chake, iache kabisa ukae na njaa mpaka adhuhuri. Shangazi husema hivi, mwalimu wa mazoezi husema vile, na muuza majani ya kukata tumbo huja na lake la tatu, kila mmoja kwa yakini isiyo na chembe ya shaka. Na msikilizaji, ambaye pengine magoti yamekwisha kumtaabisha au daktari amemwonya juu ya shinikizo la damu, hushika la huyu leo na la yule kesho, asipate wa kumwambia lipi limepimwa na lipi ni uvumi. Mtu huyo ndiye niliyemkusudia katika sura hii. Ajinyimaye chakula kwa matumaini ana haki ya kujua matumaini yake yamesimama juu ya nini, nami naona ni dhuluma kumwacha apoteze mwaka mzima akitazama saa ya ukutani ilhali tatizo lake limo katika sufuria.

Tuanze na lililo thabiti. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani. Katika ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, mna fungu dogo la chembe hai zipokeazo habari ya mwanga na kuupangia mwili mzima nyakati zake: wa kulala na wa kuamka, wa joto kupanda na kushuka, wa homoni hii au ile kumiminika katika damu. Ini, kongosho, utumbo na hata mafuta yenyewe yana saa zake ndogo zinazoifuata ile kubwa, walakini hizo ndogo huathirika pia na wakati chakula kinapoingia. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufumbua namna jeni zinavyoiendesha saa hiyo, nao walijifunza siri yake kwa nzi wadogo wa matunda. Katika athari zake mojawapo imethibitishwa mara nyingi mno hata haina tena ubishi: sahani ile ile ya wali, ikiliwa na mtu yule yule, hupandisha sukari ya damu zaidi usiku kuliko asubuhi, kwa kuwa mwili hauipokei sukari jioni kwa wepesi ule wa mapema. Basi wanaosema kwamba saa si kitu hawasemi kweli. Swali letu hapa ni jembamba zaidi, nalo ni kama tofauti hiyo hufika mpaka kwenye mizani.

Matumaini makubwa yalitoka kwa panya. Mwaka 2009, katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, kundi la Fred Turek lilionyesha kwamba panya, ambao kwa maumbile yao hula usiku na kulala mchana, walipopewa chakula chenye mafuta mengi katika saa zao za kulala tu, walinenepa kuliko wenzao waliokula chakula hicho hicho kwa wakati wao. Miaka mitatu baadaye Satchin Panda na wenzake wa Taasisi ya Salk, California, waliwawekea panya mpaka wa kula ndani ya muda wa saa 8 za usiku, na panya hao hawakunenepa kama wale walioachiwa chakula usiku na mchana, ijapokuwa jumla ya chakula ililingana. Habari hiyo ndiyo iliyoipa nguvu mitindo mingi ya kufunga ambayo leo hutangazwa kila mahali kwa majina mbalimbali. Lakini panya ni kiumbe wa miaka miwili hivi ya maisha, mwenye moto mkali mwilini na akiba ndogo, na kwake yeye muda wa saa 16 bila ya chakula ni jambo zito kuliko kwa mtu mzima wa kilo 80. Lililo sahihi kwake lastahili kuchunguzwa kwetu. Halistahili kuhamishwa kwetu bila ya kupimwa.

Wa kwanza kulipima kwa watu wengi walikuwa Wahispania, na hilo halishangazi, kwani nchi ile ina desturi ya kula chakula kikuu mchana, na mchana wenyewe huvutwa mpaka alasiri. Mwaka 2013 Marta Garaulet wa Chuo Kikuu cha Murcia, akishirikiana na Frank Scheer wa Boston, alichapisha habari za watu 420 waliofuata matibabu ya kupunguza uzito kwa majuma 20. Waliokuwa wakila chakula chao kikuu kabla ya saa 9 alasiri walipungua zaidi kuliko waliokila baada ya hapo, na hali kwa maelezo yao wenyewe makundi yote mawili yalikula kiasi kimoja na kulala muda mmoja. Habari hii ilipokelewa kwa shangwe, na mimi sioni ajabu, maana ni nani asiyependa kusikia kwamba aweza kupungua bila ya kupunguza sahani? Walakini watu wale walijichagulia saa zao wenyewe. Wale wa kuchelewa walikuwa aghalabu watu wa kukesha, na staftahi yao ilikuwa hafifu au haikuwapo, na kiasi walichokula kilijulikana kwa kuulizwa, wala hakikupimwa na mtu aliyesimama jikoni kwao. Mwenye kuchelewa kula hutofautiana na mwenye kuwahi kwa mambo mengi, na katika mambo hayo saa ni moja tu.

Mwaka huo huo ukatoka utafiti wa pili, wa Daniela Jakubowicz na wenzake huko Israeli, ambao ndio unaotajwa zaidi na wenye kuhimiza staftahi nzito. Wanawake 93 wenye unene walipangiwa kalori 1400 kwa siku. Nusu yao walipewa 700 asubuhi, 500 mchana na 200 usiku, na nusu ya pili wakageuziwa, 200 asubuhi na 700 usiku. Baada ya majuma 12 wale wa asubuhi walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 8.7, na wale wa usiku kilo 3.6. Tofauti ni ya kilo 5 na zaidi, na msomaji asiyezoea hesabu za namna hii ataona jambo limekwisha. Namwomba anifuate kidogo. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kalori 7700 hivi. Kilo 5 ni kama 39,000. Ukizigawa kwa siku 84 za utafiti ule, unapata kalori 450 na ushei kila siku. Ili saa peke yake iwe ndiyo iliyofanya kazi hiyo, ingelazimu mwili wa mwanamke aliyekula asubuhi uunguze kila siku takriban theluthi ya chakula chake chote juu ya alivyounguza mwenzake, naye amekaa pale pale, na kazi yake ni ile ile. Jambo kama hilo halijapata kuonekana katika vipimo vya matumizi ya nguvu za mwili. Lililo karibu zaidi na akili ni kwamba wanawake wale, waliokula majumbani mwao, hawakukishika kiasi walichopangiwa kwa usawa: walioanza siku na staftahi ya kalori 200 walikuwa na njaa mchana kutwa, na njaa ikawashinda mahali ambapo daftari halikuona.

Hoja hiyo isingekuwa na nguvu lau hapangetokea watu wa kuijaribu kwa ukali zaidi. Walitokea Aberdeen, Uskoti. Alexandra Johnstone na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, waliwachukua watu 30 wenye unene, wakawapa chakula chote wenyewe, kimepimwa na kufungwa, kwa majuma manne kikiwa kizito asubuhi na kwa majuma mengine manne kikiwa kizito jioni, kila mtu akapita njia zote mbili, kwa hiyo kila mmoja akawa kipimo cha nafsi yake. Matumizi ya nguvu za mwili hawakuyakisia. Waliyapima kwa maji maalumu ambayo mtu huyanywa na athari zake kufuatwa katika mkojo kwa siku nyingi. Hatima ya yote, kupungua kulikuwa sawa, kilo 3 na kitu kwa njia hii na kilo 3 na kitu kwa njia ile, na nguvu zilizotumika zilikuwa sawa. Tofauti ilijitokeza mahali pamoja tu: majuma ya chakula kizito cha asubuhi, watu walisema wana njaa ndogo zaidi.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka huo huo wa 2022 Frank Scheer yule yule wa habari za Murcia, pamoja na Nina Vujović, walitoa utafiti mdogo lakini mkali wa Boston: watu 16 waliokaa ndani ya maabara, chakula kimoja, usingizi umepangwa, mwanga umepangwa, safari moja wakila mapema na safari ya pili milo ile ile ikicheleweshwa kwa muda wa saa 4 hivi. Walipochelewa, uwezekano wa kuwa na njaa ulikuwa kama mara mbili, leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba mwili umeshiba, ilipungua, na nguvu zinazounguzwa zilipungua pia, ijapokuwa kwa kiasi kidogo. Ukiusoma huu pamoja na wa Aberdeen, unapata picha moja iliyo wazi. Saa huzungumza na njaa, na njaa huuongoza mkono unaokata tonge. Mkono ukizuiliwa, kama walivyozuiliwa wale ambao chakula chao kilipimwa na kufungwa, athari ya saa katika mizani hufifia karibu na kutoweka. Mkono ukiachiwa, kama tulivyoachiwa sisi sote majumbani mwetu, saa mbaya hutuletea njaa mbaya, nasi tukala zaidi.

Mambo mengine yanayouzwa chini ya jina la saa nitayapita upesi, kwa kuwa majibu yake yanalingana. San Francisco, mwaka 2020, watu 116 walijaribiwa kwa majuma 12, kundi moja likila baina ya saa 6 mchana na saa 2 usiku tu. Walipungua chini ya kilo moja kwa wastani, na tofauti na wenzao haikuwa ya kutegemewa. Guangzhou, China, mwaka 2022, watu 139 walipunguziwa kalori kwa mwaka mzima, na nusu yao wakaongezewa sharti la kula baina ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni: hao walipungua kilo 8, na wasio na sharti kilo 6.3, tofauti ambayo kwa hesabu za watafiti wenyewe haikutosha kuwa ushahidi. Na staftahi, ambayo imesifiwa hata ikawa kama wajibu, ilipochunguzwa mwaka 2019 kwa kukusanya majaribio 13, ilionekana kwamba waliokula asubuhi walipata kalori 260 zaidi kwa siku kuliko walioiacha, wala hawakuwa wembamba zaidi. Asiyekuwa na njaa alfajiri asijilazimishe chapati kwa kuogopa kunenepa.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kusafiri mpaka Aberdeen kutafuta mfano, maana tunao mmoja mkubwa unaotujia kila mwaka. Kwa siku 29 au 30 za Ramadhani, Waislamu wa Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja na Kilwa huhamisha milo yao yote kutoka mchana kwenda usiku. Na kwa kuwa tu karibu na ikweta, muda wa kufunga haubadiliki sana, nao ni saa 13 na kidogo tangu alfajiri hata magharibi, tofauti na ndugu zetu walioko London, ambao Ramadhani ikiangukia majira ya joto hufunga zaidi ya saa 17. Saumu ni ibada, na kusudi lake ni ucha Mungu. Siitaji hapa ili niigeuze kuwa dawa ya kiuno. Naitaja kwa sababu inazijaribu kwa pamoja dhana zote mbili tulizozisikia: lau kula usiku peke yake kungenenepesha, kila aliyefunga angetoka mwezi ule ameongezeka, na lau kukaa muda mrefu bila ya kula peke yake kungepunguza, kila mmoja angetoka amekonda. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi na kukusanywa pamoja zaonyesha kwamba hutokea jambo la wastani kabisa: mtu hupungua kilo moja hivi, na katika majuma machache baada ya Idi sehemu kubwa ya kilo hiyo hurudi.

Wastani huo, hata hivyo, huficha nyumba mbalimbali. Ingia jikoni baada ya sala ya alasiri uangalie kaimati zinavyopikwa. Mpishi huushika unga uliokwisha kuumuka katika kiganja, akauminya ukatokeza donge baina ya kidole gumba na cha shahada, akalikata kwa kijiko na kulidondosha katika karai la mafuta yanayochemka. Donge huzama, huibuka, huvimba, hugeuka rangi, kisha huopolewa na kutumbukizwa katika shira nzito yenye iliki, ambamo hulala mpaka ikajipaka pande zote. Pembeni pana muhogo unaotokota katika tui zito, pana tambi za sukari, pana sambusa zinazongoja zamu ya karai, na jagi la sharubati. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu ya sukari au ya wanga ina 4. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina 120 hivi, sawa na soda nzima ya mililita 300. Mwenye njaa ya kutwa anayefuturu kwa tende na maji, akaenda kuswali, akarudi kwa uji, samaki, mboga na kipande cha muhogo, amekula saa ile ile na jirani yake aliyeanza na sahani ya kaimati na kumalizia na wali wa nazi kabla ya kulala. Saa yao ni moja, na mwezi ukiisha mizani haitawaambia neno moja. Ndiyo maana huniuma kusikia mtu akilaumiwa kwamba amenenepa katika mwezi wa kufunga kana kwamba ni upungufu wa imani. Aulizwe amefuturu nini, na daku amekula nini, na kama usiku amelala au amekesha.

Kukesha kwataka neno lake. Katika majaribio mbalimbali, watu walionyimwa usingizi kwa siku chache tu walipata njaa zaidi na kula zaidi, hasa vitu vitamu na vya mafuta, na mara nyingi huu ndio ufunguo wa madhara ya kula usiku. Alaye saa 5 za usiku ni mtu ambaye bado yu macho, amechoka, na anakula kile kinachopatikana saa 5 za usiku. Tazama mfanyakazi wa Dar es Salaam atokaye kazini saa 11 jioni, akakaa katika foleni mpaka saa 2, akateremka kituoni akiwa hajatia kitu kinywani tangu adhuhuri: mbele yake pana banda la chipsi, mayai yanavunjwa juu ya viazi vilivyokwisha kukaangwa, mishkaki inafuka moshi, na nyumbani hakuna aliyepika. Kumwambia mtu huyu asile baada ya saa 1 ni kumwambia alale na njaa, naye atatii siku mbili na siku ya tatu atakula sahani mbili. Shauri lililo jema kwake liko mapema zaidi: abebe ndizi mbivu, karanga za kuchemsha au kikombe cha mtindi, ale saa 10 jioni kabla hajaingia garini, ili afike nyumbani akiwa na njaa ya kiungwana inayoweza kungoja mboga iive. Hapo saa imetumika vizuri, kwa kuwa imetumika kuitawala njaa.

Hukumu yangu, basi, baada ya kuzipima habari hizi, ni kwamba saa ya kula ina nguvu ndogo juu ya uzito, na nguvu hiyo ndogo hupita katika njaa. Mtu aonaye kwamba akila vizuri asubuhi na mchana hushikwa na utulivu jioni, na afanye hivyo, kwani ushahidi uko upande wake. Na yule ambaye asubuhi hana hamu, akala mchana na magharibi kwa kiasi, hajakosa kitu. Atakayebadili saa bila ya kubadili sahani asitegemee kuona jambo la maana, na aliyebadili sahani asihangaike sana na saa, ila ajichagulie ile anayoweza kudumu nayo mwaka mzima pamoja na watu wa nyumbani mwake. Maana mama anayekula peke yake saa 10 jioni na kuwaandalia wengine chajio saa 2 hujiwekea mtihani wa kila siku usio wa lazima.

Kwa sukari ya damu mambo ni tofauti kidogo, na hapa saa inastahili heshima zaidi. Mwaka 2018 Courtney Peterson wa Alabama na wenzake walichapisha habari za wanaume wanane waliokuwa mlangoni mwa kisukari, ambao kwa majuma matano walikula ndani ya muda wa saa 6 na kumaliza kabla ya saa 9 alasiri. Uzito wao haukuachwa upungue, na hata hivyo miili yao iliitii insulini kuliko awali na shinikizo la damu likashuka. Wanane ni watu wachache, lakini yaliyoonekana kwao yanakubaliana na yale tunayoyajua juu ya saa ya ndani. Kwa sababu hiyo hiyo namsihi kila msomaji mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, asiache mlo wala asihamishe saa zake za kula kwa sababu ya kitabu hiki au kingine chochote, kabla ya kuonana na daktari anayemtibu, kwani kipimo cha dawa yake kimepangwa kufuata chakula, na sukari ikishuka mno huweza kumzimisha akiwa peke yake njiani. Mjamzito na anyonyeshaye nao wasijitie katika mitindo ya kukaa na njaa kwa ajili ya uzito, na watoto wapewe chakula chao kila wanapokihitaji.